Nani Aliyevumbua Mashine ya Mvuke? Tuipime Habari kwa Sanad Yake



Katika mihadhara yetu hapa chuoni kuna sentensi inayorudi kila mwaka: kwamba Waislamu ndio waliovumbua injini ya mvuke, kisha Wazungu wakaichukua na kuandika majina yao juu yake. Mzungumzaji huitaja, ukumbi hupiga takbiri, na mada huendelea. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si uhandisi. Lakini kwetu ni Chula, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayu, na mtoto wa kisiwani husikia habari za vyombo na mashine kabla hajajua kushika kalamu. Kwa hiyo nimeona niichukue habari hii kama tunavyofundishwa kuichukua habari yoyote: kwanza imesemwa nini hasa, yaani matni, kisha imetoka kwa nani kwenda kwa nani, yaani sanad.

Tuanze na matni. Anayekusudiwa ni Taqi al-Din, mzaliwa wa Damascus, mwanachuoni wa falaki na hisabati ambaye mwaka 1577 aliisimamia nyumba ya kutazamia nyota mjini Istanbul. (Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1580 kwa amri ya sultani. Huo ni msiba mwingine, wenye makala yake.) Mwaka 1551 aliandika kitabu cha vyombo na mashine, na ndani yake akaeleza namna ya kugeuza mshikaki wa nyama juu ya moto bila mtu kuushika. Njia mojawapo ni hii: chombo kilichofungwa kimejazwa maji, kimewekwa motoni, na kina mdomo mwembamba. Mvuke unatoka mdomoni kwa nguvu, unapiga makasia ya gurudumu, gurudumu linazunguka, na mshikaki unazunguka pamoja nalo.

Hiyo ni mashine ya mvuke, hakuna shaka, na tena inafanya kazi yenye faida. Miaka zaidi ya 1,400 kabla yake Hero wa Alexandria alieleza tufe linalozunguka kwa mvuke, lakini lile halikugeuza hata kipande cha nyama. Basi Taqi al-Din ana fadhila yake. Ila tazama vizuri anachokieleza: mvuke unapiga makasia. Hakuna silinda, hakuna pistoni. Mashine iliyokausha migodi ya Uingereza, ikasukuma treni na kuzileta manowari mbele ya Unguja, ni ya aina nyingine kabisa.

Sasa sanad. Kitabu cha Taqi al-Din kilibaki hati ya mkono, na kilichapishwa Aleppo mwaka 1976 kwa juhudi za mtafiti Ahmad Y. al-Hassan. Al-Jazari, ambaye mwaka 1206 huko Diyarbakir alikamilisha kitabu kikubwa cha mashine chenye pampu ya pistoni mbili zinazopokezana kuvuta maji, alipata tafsiri kamili ya Kiingereza mwaka 1974. Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyetengeneza injini ya kwanza ya pistoni iliyofanya kazi kweli, Thomas Newcomen, alikuwa muuza vyuma wa mji mdogo wa Dartmouth, na hakuna ushahidi kwamba alisikia hata jina la mmoja wa hawa wawili. Kwa lugha ya darasani kwetu, sanad imekatika. Habari ya aina hii hatuipi daraja la sahihi kwa sababu tu inatufurahisha.

Najua kuna watakaosema naipunguza heshima ya umma. Mimi naona kinyume chake. Mwanafunzi wa uhandisi akija kwenye mhadhara wetu, akasikia dai ambalo kwa dakika mbili za kusoma ataliona halisimami, ataanza kuyatilia shaka na mengine tunayosema, hata yale yenye sanad madhubuti. Al-Jazari hahitaji kuongezewa. Pampu yake inatosha.

Lakini swali linabaki: hiyo mashine ya Newcomen ilifanya nini ambacho mshikaki haukufanya? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi tunaamini kwamba mvuke unasukuma pistoni, na kwa mashine ya kwanza jambo hilo si kweli.

Fanya jaribio hili bwenini. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, mimina maji ya moto kidogo, itikise, subiri mvuke uijaze, kisha funga kizibo na uizamishe kwenye beseni la maji baridi. Chupa itabonyea mbele ya macho yako kana kwamba kuna mkono unaoiminya. Ni nani aliyeiminya? Si mvuke. Mvuke umepoa, umerudi kuwa matone. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kiasi cha mara 1,600 ya ile ya kwanza, basi yakirudi kuwa maji huacha ombwe, yaani mahali patupu. Kilichoibonyeza chupa ni hewa ya nje, hii hii tunayoivuta, ambayo hulemea kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi.

Newcomen aliifanya hewa kuwa mtumishi wake. Mwaka 1712, karibu na ngome ya Dudley katikati ya Uingereza, alisimamisha silinda kubwa ya wima yenye kipenyo cha sentimita 53 hivi, iliyo wazi juu, na pistoni ndani yake. Pistoni ilining'inia kwa mnyororo kwenye ncha ya boriti kubwa iliyolazwa kama pembea ya watoto, na kwenye ncha ya pili zilining'inia fimbo za pampu zilizoshuka mgodini. Fimbo zile ni nzito, kwa hiyo zikishuka zinainua pistoni upande wa pili, na mvuke unaingia silindani taratibu, bila nguvu ya kusema. Kisha maji baridi yanarushwa ndani. Mvuke unakuwa matone, ombwe linatokea, na hewa ya juu inaikandamiza pistoni chini. Boriti inapinduka, fimbo za pampu zinapanda, na maji yanatoka mgodini.

Piga hesabu mwenyewe. Silinda ya kipenyo hicho ina eneo la sentimita za mraba 2,200 na kitu, kwa hiyo hewa inaweza kuilemea kwa zaidi ya tani mbili. Kwa vitendo nguvu ilikuwa pungufu sana, kwa sababu ombwe halikuwa kamili. Mashine ya Dudley ilipiga mara 12 kwa dakika na kila pigo liliinua lita 45 hivi za maji kutoka kina cha mita 46 au zaidi. Ukikokotoa utapata nguvu-farasi 5 na nusu. Boti ndogo za uvuvi za kwetu leo zinafungwa mashine yenye nguvu kuliko hiyo, na kijana mmoja anaibeba begani kuipandisha pwani. Ya Dudley ilihitaji jengo zima.

Tena ilikuwa mlafi. Ilivumilika tu kwa sababu ilikaa juu ya mgodi wa makaa ya mawe, ikala makaa mabovu yasiyouzika. Ukiipeleka mahali makaa yanaponunuliwa, inamfilisi mwenyewe.

Ulafi huu ndio uliomsumbua James Watt. Alikuwa fundi wa vyombo vya vipimo katika Chuo Kikuu cha Glasgow, na majira ya baridi ya 1763 na 1764 aliletewa mfano mdogo wa mashine ya Newcomen aurekebishe. Aliona kwamba kila pigo silinda inamwagiwa maji baridi, kisha mvuke unaofuata unapotea katika kuipasha moto upya kabla ya kuijaza. Fikiria mpishi anayekitoa chungu jikoni, anakitia kwenye maji baridi, anakirudisha jikoni, na anafanya hivyo mara 12 kwa dakika, halafu analalamika kuni haziishi kuisha. Mwaka 1765 Watt alipata jawabu: mvuke upozwe katika chombo kingine, kilichounganishwa na silinda kwa bomba, na silinda yenyewe ibaki na moto wake daima. Chombo hicho huitwa kondensa. Haki ya uvumbuzi alipewa mwaka 1769.

Ukilisikia unaona ni jambo dogo, lakini liliokoa kiasi cha robo tatu ya makaa. Watt na mshirika wake Matthew Boulton, aliyeungana naye 1775, wakabuni na biashara: wenye migodi walitozwa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa, ikilinganishwa na mashine ya Newcomen. Kwa wanaosoma fiqh ya miamala, huu ni mjadala mzuri wa jioni: je, malipo haya ni ujira unaojulikana, au yana gharar ndani yake? Migodi ya Cornwall ilibishana nao kortini kwa miaka.

Kuna mtu wa tatu ambaye vitabu vya shule humpita mbio. Kondensa ya Watt isingefaa kitu kama pistoni inavuja, na mafundi wa wakati ule hawakuweza kuitoboa silinda kubwa ikawa mviringo wa kweli kutoka juu hadi chini. Aliyeweza ni John Wilkinson, kwa mashine aliyoitengeneza mwaka 1774 kwa ajili ya kutobolea mizinga. Chombo cha vita kikawa ndicho kilichoikamilisha mashine ya amani, na baadaye mashine hiyo ikaibeba mizinga hadi bandarini kwetu.

Twende baharini. Mwaka 1807 Robert Fulton aliendesha stima ya abiria katika mto Hudson, Marekani, na haikuchukua muda mito na maziwa ya nchi nyingi yakawa na stima. Bahari kuu, hata hivyo, iligoma kwa muda mrefu, na mtu wa Chula hahitaji kuambiwa sababu ya kwanza. Chemsha maji ya bahari, uone kitakachobaki sufuriani. Kila lita 1,000 zinaacha kilo 35 hivi za chumvi. Stima za mwanzo zilichemsha maji hayo hayo ya bahari, na boila likajijaza utando mgumu. Utando ukizuia joto lisifike majini, chuma chenyewe kinapata moto kupita kiasi, kinalegea na kinaweza kupasuka. Kwa hiyo kila baada ya muda fundi alilazimika kumwaga maji ya moto yenye chumvi nyingi na kuingiza mapya baridi, yaani kutupa baharini makaa aliyoyanunua. Presha nayo ikabidi iwe ndogo. Samuel Hall alionyesha dawa yake mwaka 1834: mvuke upozwe ndani ya mirija, usichanganyike na maji ya bahari, urudi bolani ukiwa maji matamu. Lakini dawa hiyo haikuenea katika meli hadi miaka ya 1860.

Sababu ya pili ni makaa yenyewe. Mwaka 1830 stima Hugh Lindsay ilitoka Bombay kwenda Suez kupitia Aden. Safari ilichukua zaidi ya siku 30, na takriban 12 kati ya hizo zilipotea bandarini katika kupakia makaa. Mabohari yake hayakutosha, makaa yakarundikwa mpaka sehemu za abiria. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini Waingereza waliivamia Aden Januari 1839. Walitaka mahali pa kuweka makaa. Historia ya ukoloni katika bahari yetu imeandikwa zaidi kwa bendera na mikataba, lakini mimi nadhani ungeweza kuiandika vilevile kwa marundo ya makaa: alipoweka rundo, ndipo alipokaa.

Wakati huo wote mitepe ya watu wetu, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, na tanga lake la mkeka, ilikwenda na kurudi bila senti moja ya nishati. Kaskazi inakushusha, kusi inakupandisha. Nahodha alikuwa anajua mwezi wa kuondoka na mwezi ambao bahari imefungwa. Stima ya 1830 haikuweza kuishinda biashara hiyo, kwa sababu ilijaza tumbo lake makaa badala ya mizigo. Iliishinda baadaye, pale Alfred Holt wa Liverpool alipotia katika meli zake injini ambayo mvuke hutumika mara mbili, kwanza katika silinda ndogo kwa presha kubwa, kisha katika silinda kubwa kwa presha iliyopungua. Mwaka 1866 meli yake Agamemnon ilikwenda kutoka Liverpool hadi Mauritius, maili 8,500 hivi, bila kusimama kupakia makaa. Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ikaanza kuleta barua Zanzibar kwa ratiba, na kutokana na barua hizo tukapata neno «meli». Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, kimbunga kiliharibu vyombo vya Sayyid Barghash, naye aliponunua vingine alinunua vya mvuke. Mmoja wao, Glasgow, ulizamishwa na Waingereza mbele ya kasri tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja.

Na makaa yale hayakujitia motoni yenyewe. Chini ya sitaha, katika joto ambalo wengine hawakulivumilia, walisimama mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni na koleo mkononi. Cardiff, bandari ya makaa huko Wales, ina jamii ya Waislamu wa asili hiyo tangu karne ya 19. Ukitafuta mchango wa Waislamu katika enzi ya mvuke wenye sanad isiyokatika, anzia hapo. Sijawahi kuusikia ukitajwa mimbarini.

Nimeacha kwa makusudi kisa cha karibu na kwetu hadi sasa, kwa sababu hakieleweki bila hayo yaliyotangulia. Mwaka 1865 Mjerumani Karl Klaus von der Decken, ambaye miaka michache kabla alikuwa amejaribu kupanda Kilimanjaro, alikuja na stima mbili kuupanda mto Juba. Kubwa iliitwa Welf, ilijengwa Hamburg; ndogo iliitwa Passepartout. Njia ya kutoka Lamu kwenda mlango wa Juba inapita nje ya visiwa vyetu, na anayeujua mlango ule anajua kwamba mto unakutana na bahari juu ya fungu la mchanga, na mawimbi ya kusi yanavunjika hapo kwa kishindo. Passepartout iliangamia hapohapo mlangoni. Welf ilipita, ikapanda mto mamia ya kilomita hadi Bardera, mbali zaidi ya chombo chochote cha mashine kabla yake. Mwishoni mwa Septemba, juu ya Bardera, ilipiga mwamba kwenye maporomoko na kutoboka. Siku chache baadaye von der Decken na Wazungu wengine watatu waliuawa.

Kisa hiki huelezwa kama kisa cha ukatili au cha ushujaa, kutegemea anayekieleza. Kwa jicho la mashine ni kisa kingine. Mtumbwi ukigusa mwamba, watu wanashuka majini, wanauinua na kuupitisha. Chombo chenye boila, injini na mzigo wa vyuma hakiinuliki na watu, na kikitoboka hakuna karakana ya kukirekebisha kwa mwendo wa wiki nyingi. Injini ilimpa von der Decken nguvu ya kushindana na mkondo, na nguvu hiyo ikamfikisha mahali ambapo uzito wake ulikuwa kifungo. Maji ya Juba hupanda na kushuka kwa mvua za milima ya Uhabeshi. Kujua lini mwamba umefunikwa na lini uko wazi ni elimu ya mkaa mtoni, na elimu hiyo haikujengwa Hamburg.

Mwaka 1892 Kamanda Dundas wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa Kismayu aliupanda mto huo kwa stima nyingine, Kenia, yenye gurudumu la makasia nyuma, chombo cha maji machache. Alifika hadi maporomoko ya juu ya Bardera, na akayakuta mabaki ya Welf yangali pale, baada ya miaka 27.

Jambo la mwisho ni la lugha. Neno «stima» kwa wazee wetu ni chombo cha mvuke, lakini ukilitamka Nairobi leo watu wataangalia taa. Wala hawako mbali na asili yake. Kule Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, mvuke hutoka ardhini wenyewe, bila makaa, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa aina hiyo. Hauingii katika silinda wala hausukumi pistoni. Unatoka kwa nguvu katika mdomo mwembamba na kuyapiga makasia ya gurudumu, nalo linazunguka, sawasawa na alivyoueleza mshikaki wake Taqi al-Din mwaka 1551.